Kiingereza Kilichoingia Karakanani kwa Waya wa Simu

Vijana wa karakana mmenisumbua tangu siku nilipokabidhi funguo: mama andika, mama andika. Haya, naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Ziko kwenye faili ofisini, na mwenye hamu ya kusinzia anaweza kuziomba. Mimi nataka kuwaeleza nilivyojifunza Kiingereza, kwa sababu kila nikiikumbuka miaka ile ya tisini nacheka peke yangu, hata kanisani, mpaka mume wangu ananikanyaga chini ya benchi.

Nilizaliwa upande wa Tanzania, karibu na Sirare, binti wa seremala. Nilisoma mpaka darasa la saba, kila somo kwa Kiswahili, kisha nikashika randa ya baba kwa kuwa ndugu zangu wote walichukia vumbi la mbao. Nikaolewa upande huu, Isebania, kwa mfanyabiashara wa mahindi. Homa Bay nilifika kama kibarua wa kutengeneza milango ya wodi mpya ya hospitali ya misheni. Sikujua kwamba hospitali hiyo ilikuwa na karakana ya miguu ya bandia. Nilidhani watu hao wanaipata miguu yao dukani.

Mzee Okelo ndiye aliyekuwa fundi wa karakana hiyo, peke yake. Siku moja alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akiangalia jinsi maranda yanavyotoka kwenye randa yangu.

"Nyar Kuria," akaniita, yaani binti wa Wakuria, na hakuwahi kuniita vingine mpaka leo. "Hiyo mlango inaweza kungoja. Kuja nikuonyeshe kitu."

Akanipa kipande cha mti mwepesi, akaniambia nichonge shavu la mguu.

"La mguu gani, mzee?"

"Huu," akasema, akakunja suruali yake mpaka gotini na kuketi kwenye stuli kama mtu anayepigwa picha.

Nilichonga. Alipolipokea lile shavu alifumba macho, akalipapasa kwa vidole kutoka juu kwenda chini, kisha akajipapasa lake mwenyewe. Akafumbua macho. "Kesho ukuje bila msumeno. Huku tuko nayo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Milango ya wodi ilimaliziwa na mtu mwingine, na hadi leo mmoja haufungi.

Siku zangu za kwanza nilikuwa kichekesho. Kiswahili changu kilikuwa cha Tanzania, cha samahani na naomba. Nikisema, "Samahani mzee, naomba unipatie tupa," wauguzi walikuja mlangoni kunisikiliza kama redio. Mzee Okelo alinijibu, "Tupa si iko hapo? Chukua tu." Lakini nilipenda kila kitu cha mahali pale: plasta ikipata moto mkononi inapoanza kuganda, jiliwa la kubania miguu lililokuwa zito kuliko mimi, harufu ya ngozi iliyolowekwa. Mzee alinifundisha kwamba kigutu, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki, lazima ukishike kwa mikono miwili kabla hujakipima, ili mwenyewe aache kukaza misuli. Alinifundisha pia kutomuuliza mgonjwa kama mguu unauma. "Ukiuliza hivyo, mtu mwenye heshima atasema hapana. Uliza, unauma wapi." Hilo lishikeni vijana, limeniokoa mara nyingi kuliko mashine zenu.

Shida ilikuwa Kiingereza. Vitabu vyote vya kazi, maandishi ya kwenye makasha, maelekezo ya madaktari wageni, vyote Kiingereza. Mimi nilikuwa nacho cha kusalimia na kuhesabu. Mzee akisema "heel", nilisikia kilima. Daktari akisema "heal", nilitazama kisigino. Kisigino, kupona na kilima, kwangu ilikuwa sauti moja, nami nilichagua maana kwa kuangalia uso wa msemaji.

Hilo lingebaki jambo la kuchekesha kama mzee asingekuwa anazeeka. Macho yake yalianza kukataa kazi ndogondogo, na nyumbani kwake Kosele shamba lilimngoja. Wakubwa wa hospitali walisema wazi kwamba akiondoka bila fundi mwenye cheti, karakana itafungwa, na wagonjwa wote wa kutoka Migori, Awendo na ukanda mzima wa ziwa watatafuta miguu Kisumu au Nairobi. Cheti kilikuwa na mtihani wa vitendo na wa maelezo ya mdomo, kwa Kiingereza. Nikaenda kuufanya. Mikono yangu ilifaulu. Kisha mtahini akaniuliza swali, nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Akarudia swali polepole. Nikatabasamu. Akarudia tena, kwa sauti ya juu, kana kwamba nilikuwa kiziwi. Nikatabasamu zaidi. Nilirudi Homa Bay na barua ya kuniruhusu kujaribu tena baada ya mwaka.

Mzee Okelo aliisoma, akaikunja. "Basi nitakaa mwaka mmoja," akasema, akarudi kwenye plasta yake. Mke wake hakunisalimia kwa muda.

Sasa ndipo anaingia Odhiambo. Odhiambo alikuwa mhasibu wa hospitali, kijana mwembamba mwenye shati jeupe daima, na mwaka ule wafadhili walikuwa wameleta kompyuta na kifaa cha kuiunganisha na waya wa simu ili ripoti ziende Nairobi. Wenzake waliiogopa. Yeye aliifunika kwa kitambaa cha meza kama mtoto aliyelala. Alinikuta siku moja nje ya stoo nikisoma kwa sauti maandishi ya kwenye kopo la gundi.

"Mama Marwa, unasoma gundi?"

"Najifunza Kiingereza."

"Kwa kopo?"

"Ndicho kilichopo."

Akacheka, kisha macho yake yakawaka. Alikuwa amesikia kutoka kwa rafiki yake wa Nairobi kwamba kuna watu wa kila pembe ya dunia wanaojifunza Kiingereza pamoja kwa barua za kompyuta. Mmoja akiandika, wote wanapata. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mstaafu wa Kanada aitwaye Margaret, aliyefanya hivyo bure kwa sababu, kama alivyotuambia baadaye, kustaafu kulimchosha.

"Watanicheka," nikasema.

"Wote hawajui, mama. Nani atacheka nani?"

Akaniandikisha. Margaret akanikaribisha kwa maneno mepesi na kanuni moja tu: eleza ulichofanya leo. Usieleze unachofikiri juu ya maisha, wala historia ya nchi yako. Leo umefanya nini? Nikaketi mbele ya mashine nikitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza, naikumbuka yote: "Today I make leg. Leg is for teacher. Teacher laugh." Leo natengeneza mguu, mguu ni wa mwalimu, mwalimu anacheka. Basi. Nilitoka jasho kama niliyepasua gogo.

Kesho yake Odhiambo alikuja karakanani akikimbia, na Odhiambo hakuwa mtu wa kukimbia. Mkononi alikuwa na karatasi ndefu zilizounganika, zenye vitundu pembeni, zikiburutika chini nyuma yake.

"Wamejibu! Mama, wamejibu dunia nzima!"

Halina, mpishi wa shule huko Poland, aliuliza: mguu wa aina gani? Wa meza? Haruo, kinyozi wa Japani, aliuliza kwa nini mwalimu alicheka. Tomás, dereva wa lori huko Chile, aliandika kwamba aliichapa barua yangu kwenye karatasi, akaisoma akiwa ameegesha kando ya mlima na akamsomea mwenzake. Na Margaret, kwa upole, alinionyesha kwamba kama jambo limekwisha kutendeka, mwalimu "laughed". Ile ed ndogo mwishoni. Nilitembea nayo mchana kutwa. Nilipiga randa nikisema laughed, nikachanganya plasta nikisema laughed. Wiki ile kila kitu nilikitia ed. Nilimwambia Mzee Okelo kwamba nimemlettered chai. Akaniangalia, akainywa.

Sijui niwaelezeje furaha ile. Nilikuwa mama wa watoto wanne na nilikuwa naamka kama msichana anayesubiri sikukuu. Barua zilishuka mara moja kwa siku, saa nne asubuhi, na ikifika saa nne kasoro mzee alianza kuficha patasi kali kwa sababu mikono yangu haikuaminika. Nilibandika karatasi ukutani juu ya jiliwa, zikajaa alama za vidole vya plasta. Haruo na mimi tulikuwa na adui mmoja, lile neno "the", ambalo lugha yake na yangu hazina. Akaniandikia kwamba Wajapani wamenyoa nywele miaka mingi bila neno hilo na hakuna aliyekatwa sikio. Nikamjibu kwamba nasi tumetengeneza miguu bila hilo na inatembea. Margaret alitujibu wote wawili kwamba amecheka mpaka paka wake akatoka chumbani, kisha akatusahihisha bila huruma.

"Hawa watu wako wa waya," Mzee Okelo akauliza siku moja, "wanalipwa na nani?"

"Hakuna, mzee."

"Na wanaamka tu wanakufunza?"

"Na mimi nawafunza. Halina sasa anajua soketi ni kikombe cha kuingizia kigutu."

Akatikisa kichwa. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa akiuliza, "Mpishi amesema nini?"

Ndipo akaja Achieng. Wagonjwa wagumu nimewaona wengi, lakini huyu nitamweka wa kwanza. Alikuwa mchuuzi wa samaki pale ufuoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka maji, na lori lilikuwa limemchukua mguu juu ya goti. Mguu wa juu ya goti ndio kazi hasa, kwa sababu unamtengenezea mtu goti, na goti lina akili zake. Mguu wa kwanza tuliompa aliurudisha. Wa pili aliurudisha pia, akautupa juu ya meza.

"Mimi sikutaka mguu ya kukaa nayo kanisani," akasema. "Nataka mguu ya kuteremka kwa maji asubuhi kama mitumbwi inaingia, nigombane na wavuvi. Hii yenu inaniangusha mbele yao. Unajua vile wanacheka?"

"Unauma wapi?" nikauliza.

"Hauumi! Unaniangusha!"

Mzee alikagua soketi, akakagua mikanda. Ndani ya karakana Achieng alitembea kama askari wa gwaride. Akirudi ufuoni, chini. Kila alipoanguka alisubiri siku mbili hasira ipoe kisha akaja tena, na nilianza kuogopa kusikia sauti yake getini. Nilijua pia kwamba watahini wangekuja mwezi unaofuata, safari hii hapahapa kwetu, na wangetaka kuona mgonjwa wa juu ya goti. Hatukuwa na mwingine ila yeye.

Siku moja nilipoketi kueleza nilichofanya leo, niliandika kuhusu Achieng. Niliandika kwa hasira, ed zikianguka zilipotaka. Kesho yake Odhiambo alileta maswali matupu. Halina aliuliza: anaangukia mbele au nyuma? Haruo: anabeba samaki kichwani au mkononi? Sikuwa na majibu yote, kwa hiyo nilivua aproni nikaenda na Achieng ufuoni, mchana, nikamtazama. Alianguka mbele yangu na ndoo yake, na wavuvi wakacheka kweli, nami nikachekwa pia. Nikarudi nikaandika yote: mteremko, mawe, mchanga mbichi, goti linakunjika ghafla.

Tomás ndiye aliyejibu. Sentensi zake zilikuwa fupi kama za mtu anayeandika akiwa ameshika usukani. Kwenye mlima wangu, alisema, ukikanyaga breki ngumu, lori linaenda mbele. Rafiki yako anafunga breki kwa kitu gani? Kwa kisigino?

Nilisoma hapo mlangoni pa ofisi, Odhiambo akinitazama. Kisha nikapiga kelele mpaka muuguzi akatoka na sindano mkononi. Kisigino! Tulikuwa tumempa unyayo wenye kisigino kigumu, mpira mkavu wa gurudumu. Kwenye sakafu tambarare hakina neno. Kwenye mteremko kinagonga chini, hakibonyei, kinasukuma mguu wote mbele, na goti linakunjika. Nilikimbia karakanani nikisema kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kikuria, yote mara moja.

"Polepole, nyar Kuria. Moja tu," mzee akasema. "Chagua lugha."

Nikamweleza. Akaubonyeza ule unyayo kwa kidole gumba, muda mrefu. "Tuliangalia goti tu," akasema. "Kumbe tungeangalia chini." Tukakata kisigino, tukatia mpira laini wa tabaka, na goti tukalirudisha nyuma kidogo, kiasi cha unene wa kisu. Kazi ya alasiri moja.

Watahini walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke kutoka Nairobi. Waliketi, wakafungua kalamu. Achieng alikuwa kwenye kiti akiwa amevaa gauni la Jumapili na mguu mpya. Mzee Okelo alikuwa pembeni akijifanya anapanga misumari. Mwanamume akaniuliza kwa Kiingereza nieleze jinsi nilivyomshughulikia mgonjwa huyu.

Kinywa kikafunguka. Kikabaki wazi. Niliona mwaka mzima wa mzee unayeyuka, niliona kufuli kwenye mlango wa karakana. Halafu nikasema moyoni, wewe, umefanya nini leo? Nikaanza. "Today," nikasema. Na lilipofuata neno la pili likaja la tatu.

Ndugu zangu, sikunyamaza. Niliwaeleza kigutu, nikawaeleza plasta, nikawaeleza mawe ya ufuoni na maneno ya wavuvi. Nilitia the mahali pasipo na haja na kuinyima palipo na haja. Mwanamume aliinua mkono kutaka kuuliza swali la pili, nami nikamjibu swali ambalo hakuwa amelifikia. Yule mwanamke aliacha kuandika, akaegemea kiti, akaanza kutabasamu.

Achieng, ambaye hakuelewa hata neno, alimgeukia mzee. "Huyu mama ameshikwa na nini?"

"Ameshikwa na Kiingereza," mzee akasema.

"Ataachiliwa saa ngapi? Mitumbwi inaingia."

Hakungoja jibu. Alisimama, akachukua ndoo yake, akatoka. Watahini wakatazamana. Nikasema kwa Kiingereza, tafadhali tumfuate, mtihani unaondoka. Basi tukamfuata, watahini na viatu vyao vya ngozi, mimi nikiendelea kueleza, mzee nyuma, na Odhiambo ambaye hakuwa na kazi yoyote huko. Tulipofika juu ya mteremko nilinyamaza kwa mara ya kwanza.

Achieng aliteremka. Jiwe, mchanga, jiwe. Kisigino kiligusa, kikabonyea, goti likakaa. Hakutazama chini. Alifika majini, akapachika mkono kiunoni, akamwambia mvuvi wa kwanza kwamba samaki wake ni wa juzi. Mvuvi akaapa. Achieng akaapa zaidi. Wakagombana kwa raha, na hakuna aliyecheka isipokuwa sisi kule juu. Mzee Okelo alikuwa akifuta miwani yake ambayo haikuwa na uchafu.

Yule mtahini wa kike akaniuliza, kwa Kiingereza, nilijuaje kwamba kasoro ilikuwa kwenye kisigino.

"Dereva wa lori wa Chile aliniuliza," nikamjibu.

Alidhani nimekosea neno. Akarudia swali. Nikarudia jibu, na safari hii nilikuwa na hakika ya kila neno. Akacheka, akaandika.

Nilifaulu. Mzee Okelo aliishika ile barua ya matokeo, akaniambia, "Ero kamano," yaani asante, akavua aproni yake, akaikunja na kuiweka kwenye jiliwa. Wiki hiyohiyo alikwenda Kosele kulima. Mke wake alinitumia kuku.

Nami nilikuwa na watu wa kuwapa habari. Niliingia ofisini kwa Odhiambo asubuhi, na Achieng akaja nyuma yangu, bila kualikwa, akinuka samaki, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Ndio hao wako humo ndani?"

"Wako mbali. Naandika, wanasoma."

"Waambie huyo wa lori asante. Waambie nikiteremka sasa hivi wavuvi wananiogopa. Waambie wakuje Homa Bay nitawakaangia samaki mpaka washindwe. Huyo wa nywele pia. Na mpishi aone vile watu hukaanga."

Alizungumza, nami nikaandika. Kinywani mwake kilitoka Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo, vidoleni mwangu kikatoka Kiingereza. Alipomaliza na mimi nikamaliza. Niligeuka kumwuliza Odhiambo kama kuna neno nimekosea, na kiti chake kilikuwa tupu. Alikuwa ameniachia ofisi, amekwenda kunywa chai, na sikujua ameondoka saa ngapi.

Nikabonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma. Ile mashine ikaanza kupiga simu Nairobi, ikilia na kukwaruza kama bati linaloburutwa.

"Hiyo nayo inalia nini?" Achieng akashtuka.

"Inawaita."

Akasimama kwa miguu yake miwili, akainama mpaka mdomo ukakaribia kile kisanduku kinacholia, na kwa sauti ile ya kuvuka maji akapiga ukelele kwa Kijaluo, yaani nawasalimu nyote: "Amosou uduto!" Kisha akatega sikio, akisubiri.